Maswali ya Wasomaji: Je, Kuua Sili Kunaongeza Samaki?

Katika toleo lililopita tulichapisha habari fupi kuhusu msimu wa kuua sili nchini Namibia, ambao hufunguliwa kila mwaka mwezi Julai na kufungwa katikati ya Novemba. Serikali ya nchi hiyo huutetea kwa hoja mbili, yaani ajira kwa watu wa pwani na ulinzi wa samaki, na karibu barua zote tulizopokea ziligusa hoja hiyo ya pili. Kwa msomaji ambaye hajawahi kumwona, sili ni mnyama wa baharini anayenyonyesha, mwenye mapezi mahali pa miguu, ambaye huwinda majini na kupanda nchi kavu au juu ya barafu kuzaa na kupumzika. Katika mwambao wetu hana makazi, kwa kuwa maskani yake ni hasa bahari za baridi. Tumechagua barua sita, na tumezifupisha pale ilipolazimu.

Swali kutoka Likoni, Mombasa

*Mhariri, salamu. Mimi ni mvuvi, na hesabu yangu ni nyepesi. Sili anakula samaki, samaki wanapungua, kwa hiyo ukimpunguza sili samaki wataongezeka. Mbona wataalamu wanalifanya jambo hili kuwa gumu? Wanamibia wamekosea wapi?*

Ndugu yetu wa Likoni, hesabu yako ingetimia kama bahari ingekuwa na sili na samaki tu, nawe ukingoja juu na wavu wako. Ugumu huanza pale tunapouliza ni samaki gani anayeliwa, na ni nani mwingine anayemla samaki huyo huyo.

Mwambao wa Namibia hupitiwa na mkondo wa Benguela, ambao hupandisha maji baridi yenye rutuba kutoka kilindini, na ndiyo sababu jangwa kavu kabisa linapakana na bahari iliyojaa uhai. Sili wa huko huzaa wakiwa wamekusanyika kwa maelfu. Kundi lao mashuhuri liko Cape Cross, kaskazini mwa Swakopmund, mahali ambapo Mreno Diogo Cão alisimamisha msalaba wa jiwe mwaka 1486. Serikali hutoa mgawo wa kuua, ambao kwa miaka kadhaa ulikuwa watoto 80,000 na madume 6,000, katika eneo hilo na katika ghuba mbili zilizo karibu na Lüderitz. Hoja iliyorudiwa sana magazetini ni kwamba sili hao hula tani 900,000 za samaki kila mwaka.

Hata tukiikubali takwimu hiyo kama ilivyo, bado haijathibitisha lolote, kwa sababu tani moja ambayo sili hakuila haigeuki kuwa tani moja kwenye sitaha ya meli. Sehemu kubwa ya chakula cha sili wa Namibia ni samaki wadogo wenye ndevu wanaoishi karibu na matope ya sakafu ya bahari, pamoja na wale wa kilindini wenye viungo vinavyong'aa gizani, na hawa wote hawana soko. Kwa upande wa samaki wenye soko, mfano wa kuzingatia ni heki, samaki mwenye nyama nyeupe ambaye ndiye anayeiingizia Namibia fedha nyingi kutoka Hispania na kwingineko Ulaya. Heki wa huko ni wa aina mbili: mmoja hukaa kwenye maji yenye kina cha wastani na mwingine hukaa chini zaidi. Heki wana tabia moja ambayo mvuvi yeyote ataielewa haraka, nayo ni kwamba mkubwa humla mdogo bila kujali undugu, na yule wa kina cha wastani akishakomaa huwala sana watoto wa yule wa kilindini, kwa kuwa hukutana nao katika kina kile kile.

Sili, ambaye hawezi kufuata heki hadi chini kabisa, humwinda zaidi heki wa kina cha wastani. Sasa mwondoe sili. Heki huyo wa juu ataongezeka na kukua, kisha ataanza kuwala kwa wingi watoto wa mwenzake wa chini pamoja na watoto wake mwenyewe. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cape Town, André Punt na Doug Butterworth, walilipigia hesabu jambo hili hatua kwa hatua, wakaona kwamba kupunguza sili kungeweza kuleta ongezeko dogo sana la heki, na pengine kuleta hasara. Miaka mitatu baadaye Peter Yodzis wa Kanada alipanua hesabu na kuingiza viumbe wengine wengi wa Benguela wanaolana. Alipompunguza sili katika hesabu zake mara nyingi, kila mara akibadilisha viwango vya mambo ambayo ni vigumu kuyapima baharini, matokeo yaliyojitokeza zaidi yalikuwa kupungua kwa jumla ya mavuno ya wavuvi. Nasema yaliyojitokeza zaidi, kwa kuwa hakudai kuwa ni lazima iwe hivyo. Hata hivyo, anayetaka kuua wanyama 86,000 kwa mwaka kwa ajili ya samaki ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba samaki watapatikana.

Liko pia jambo ambalo katika mjadala huu hutajwa kwa sauti ya chini. Mwaka 1972, wakati Namibia ilikuwa bado chini ya utawala wa Afrika Kusini, meli za mataifa ya mbali, hasa za Wahispania na za Urusi ya Kisovieti, zilitoa zaidi ya tani 800,000 za heki katika bahari hiyo. Leo mgawo wa mwaka mzima hukaa karibu na tani 150,000. Sadini walivuliwa takriban tani milioni 1.4 mwaka 1968, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 mavuno yalikuwa chini ya tani 50,000. Hawakurudi tena kwa wingi, na mwaka 2018 serikali ililazimika kusimamisha kabisa uvuvi wao. Nafasi yao majini imechukuliwa kwa sehemu kubwa na yavuyavu. Kipimo kilichochapishwa mwaka 2006 kilionyesha kwamba uzito wa yavuyavu katika eneo hilo ulizidi mara tatu uzito wa samaki. Sidhani kuna mtu anayeweza kumtwisha sili mzigo huo wote.

Afrika Kusini, ambayo sili wake ni wa jamii hiyo hiyo, iliacha uvunaji wa kibiashara mwaka 1990, na miaka kumi na minne baadaye uvuvi wake wa heki ukapata cheti cha kimataifa cha uvuvi endelevu. Hiyo pekee haithibitishi kwamba sili hana athari, ila inatosha kumpumzisha anayesema kwamba bila kuua sili heki wataisha.

Nimalizie na haki yako. Mvuvi anayeona sili akimchomoa samaki kwenye wavu wake, kama ninyi mnavyoona pomboo akichana jarife, ana malalamiko ya kweli, na hasara yake hupimika kwa fedha. Lakini hiyo ni hasara ya wavu na ya siku ile. Kwamba akiba ya samaki ya bahari nzima inapungua kwa sababu ya mnyama huyo ni dai jingine, nalo linahitaji ushahidi wake.

Swali kutoka Dodoma

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Wanajuaje sili amekula nini, wakati mnyama huyo anakula chini ya maji?*

Kwa kazi ambayo wengi wangeikimbia. Mtafiti huzunguka kwenye miamba wanakolala sili, hukusanya kinyesi chao, hukiosha juu ya chekecheke lenye matundu madogo, kisha huokota kwa koleo ndogo vijiwe vyeupe vilivyobaki. Kila samaki mwenye mifupa ana vijiwe ndani ya masikio yake ambavyo humsaidia kujiweka sawa majini, na umbo la vijiwe hivyo hutofautiana kati ya aina na aina kiasi kwamba mtaalamu humtambua samaki kwa kukitazama kijiwe kwa hadubini. Urefu wa kijiwe humwonyesha samaki alikuwa na ukubwa gani, na miviringo iliyo ndani yake, kama ile ya shina la mti, hueleza umri.

Njia hiyo ina udhaifu ambao wavuvi wa Kanada waliueleza mapema, nao walikuwa na hoja. Sili akimkamata samaki mkubwa, mara nyingine hula tumbo na ini tu, akakiacha kichwa kizame na vijiwe vyake. Samaki huyo hataonekana kamwe kwenye chekecheke. Vijiwe vidogo navyo huyeyuka tumboni kabla ya kutoka. Kwa sababu hiyo siku hizi watafiti huchukua pia kipande kidogo cha mafuta yaliyo chini ya ngozi ya sili na kuchunguza asidi zake, kwa kuwa mafuta ya mnyama hubeba alama ya vyakula alivyokula kwa wiki nyingi. Tena, mahali na msimu hubadilisha jibu lote: sili wa kundi moja anaweza kuwa anakula dagaa wa baharini wakati wa kiangazi na samaki wakubwa wakati wa baridi, kwa hiyo takwimu ya mahali pamoja haifai kutandazwa juu ya bahari nzima.

Swali kutoka Toronto, Kanada

*Mhariri, shikamoo. Kazini kwangu kuna mzee kutoka Newfoundland ambaye huapa kwamba samaki wa kwao, cod, hawakurudi kwa sababu ya sili, na kwamba watu wa mijini na wacheza filamu ndio waliowazuia kuwapunguza. Wengine hapa humcheka. Ninaomba unisaidie kujua nani mkweli.*

Marahaba, dada. Mzee huyo asichekwe. Ana nusu ya ukweli, ila nusu hiyo ni ya pwani nyingine.

Cod ni samaki mkubwa wa maji baridi ambaye kwa karne tano alikuwa ndiye uchumi wa Newfoundland. Tarehe 2 Julai 1992 waziri wa uvuvi wa Kanada, John Crosbie, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa kisiwa hicho, alitangaza kuufunga uvuvi wa cod wa kaskazini. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi kwa tangazo moja. Ilisemwa kwamba kufungwa huko kungedumu miaka miwili, kumbe kulidumu miaka thelathini na miwili, hadi Juni 2024, uvuvi ulipofunguliwa tena kwa mgawo mdogo wa tani 18,000, huku baadhi ya wanasayansi wakinung'unika kwamba ni mapema mno.

Akiba hiyo ilimalizwa na meli. Mwaka 1968 meli za kigeni zenye nyavu za kukokota pamoja na wavuvi wa Kanada zilitoa karibu tani 800,000. Kanada ilipojitangazia maili 200 za bahari mwaka 1977 iliwatoa wageni wengi, lakini ikajenga meli zake za aina ile ile, na katika miaka ya 1980 makadirio ya kitaalamu yalionyesha samaki wengi kuliko waliokuwapo. Wakati huo sili wanaozalia juu ya barafu, ambao mapema katika miaka ya 1970 walikuwa wamepungua hadi chini ya milioni mbili, walikuwa ndio kwanza wanaanza kuongezeka. Baadaye walizidi milioni saba, na hapo ndipo wavuvi waliokaa bila kazi walipoanza kuwanyooshea kidole, jambo ambalo ni la kibinadamu kabisa: mtu aliyekatazwa kuvua hata samaki mmoja hawezi kufurahi kumwona mnyama akivua bila leseni.

Hata hivyo, kikundi cha watafiti kilichochapisha kazi yake mwaka 2014 kililinganisha mambo matatu, yaani uvuvi, sili, na wingi wa kapelini, samaki mdogo anayeliwa na cod kama vile sangara anavyokula dagaa. Uvuvi na kapelini vilieleza vizuri kupanda na kushuka kwa cod wa kaskazini. Sili hakuongeza maelezo yoyote ya maana. Kapelini walianguka ghafla mwaka 1991 na cod wakakosa chakula. Walipoanza kurudi kidogo, cod nao wakaanza kuongezeka, tena katika miaka ile ile ambayo sili walikuwa wengi kuliko wakati wowote.

Sasa ile nusu ya ukweli. Kusini mwa Ghuba ya Mtakatifu Lawrence kuna cod wengine na sili wengine, wale wa kijivu, ambao ni wakubwa zaidi na hula samaki wakubwa zaidi. Sili hao walikuwa chini ya 20,000 katika miaka ya 1960, na sasa mashariki mwa Kanada wako takriban 400,000. Huko uvuvi wa cod umekuwa karibu umefungwa kwa muda mrefu, lakini samaki wameendelea kupungua. Katika hali ya kawaida cod mkubwa mmoja kati ya watano au sita hufa kwa mwaka bila kuguswa na ndoana. Katika ghuba hiyo hufa karibu nusu. Wanasayansi wa serikali walichunguza maradhi, njaa, uhamaji na uvuvi wa siri, wakaviondoa kimoja baada ya kingine. Kilichobaki kikiwa na ushahidi mzito ni sili wa kijivu, hasa madume wanaokusanyika wakati wa baridi karibu na Kisiwa cha Mtakatifu Paulo, mahali ambapo cod nao hujirundika.

Inakuwaje sili asiyekuwa tishio zamani akawa tishio leo? Cod walipokuwa wengi, sehemu waliyoiondoa sili ilikuwa ndogo na ilijazwa upesi na watoto waliozaliwa. Meli zilipowapunguza hadi kubaki wachache, sehemu ile ile ikawa kubwa kuliko uzazi unavyoweza kufidia. Meli ndizo zilizowatumbukiza shimoni, na sili ndiye anayekaa mdomoni mwa shimo. Sentensi hiyo ningependa mzee wa kazini kwako aisikie yote, maana kila upande wa ugomvi huu hupenda kunukuu kipande chake.

Mwaka 2012 kamati ya uvuvi ya Seneti ya Kanada ilipendekeza kuua sili wa kijivu 70,000 katika ghuba hiyo kwa muda wa miaka minne. Halikufanyika. Sababu haikuwa wacheza filamu peke yao. Gharama ilikuwa kubwa, nyama na ngozi havikuwa na soko, na hakuna aliyeweza kuahidi kwamba sili wengine kutoka Kisiwa cha Sable, ambako ndiko wengi huzalia, wasingehamia kujaza nafasi. Mpango wa namna hiyo haumalizwi kwa miaka minne, kwani ukiacha kuua, sili wanarudi, nawe unarudi ulikoanzia. Maoni yangu ni kwamba hapo, na hapo tu kati ya bahari zote nilizozitaja, hoja ya kupunguza sili inastahili kusikilizwa kwa heshima, ingawa mimi bado singeipigia kura bila kuonyeshwa nani atailipia mwaka wa ishirini.

Swali kutoka Mwanza

*Sisi wa Ziwa Victoria tunajua mnyama mlaji anaweza kumaliza samaki: sangara aliwamaliza furu. Na alipovuliwa sana, furu wengine walirudi. Je, huo si ushahidi kwamba kupunguza mlaji kunasaidia? Na kuna mahali popote ambapo kuua sili kumefanya kazi?*

Umesema kweli kuhusu ziwa. Sangara aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka kwa kishindo katika miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka, huenda zaidi ya mia mbili. Wavuvi walipomkaba kuanzia miaka ya 1990, baadhi ya furu walionekana tena, na dagaa nao wakastawi. Tofauti ni mbili. Sangara alikuwa mgeni katika ziwa ambalo samaki wake hawakuwahi kumjua mlaji wa namna hiyo, ilhali sili na samaki wa Benguela wamekaa pamoja tangu kabla ya binadamu kujua kusuka wavu. Pia kumpunguza sangara kulijilipia, kwa kuwa viwanda vya minofu vilimnunua. Leo ni yeye anayewekewa kanuni ili asiishe.

Kuhusu swali lako la pili, pako mahali. Katika mto Willamette, jimbo la Oregon nchini Marekani, samaki wa jamii ya trauti hupanda kutoka baharini kwenda kuzaa, na njiani hukutana na maporomoko ambako hulazimika kusubiri na kupita kwenye ngazi ya maji iliyojengwa kwa ajili yao. Simba-bahari wachache, ambao ni ndugu wa karibu wa sili, waligundua kwamba mtu anaweza kukaa hapo na kula mpaka atosheke. Mwaka 2017 walipita trauti 512 tu wa majira ya baridi, na hesabu za wataalamu zilionyesha kwamba kundi lao lingeweza kutoweka kabisa. Jimbo lilipata kibali, likawaondoa simba-bahari kadhaa waliokuwa wamezoea mahali hapo, na samaki wakaanza kupita kwa wingi zaidi.

Lilifanikiwa kwa sababu ya hali za pekee: njia ni moja na nyembamba, samaki wanahesabika mmoja mmoja wanapopanda ngazi, wala si kundi zima la simba-bahari lililohusika, bali wale waliojifunza mbinu hiyo, ambao hutambulika kwa alama na makovu yao. Katika bahari wazi hali hizo hazipo. Na yafaa kukumbuka kwamba trauti hao walikuwa wameshapunguzwa na mabwawa, ukataji wa misitu na maji kupata joto, mambo ambayo hayana mapezi ya kupigwa risasi.

Swali kutoka Zanzibar

*Kuna suala la ukatili. Nimesoma kwamba watoto wa sili hupigwa marungu. Je, hilo peke yake halitoshi kuzuia jambo hili?*

Kwa watu wengi limetosha. Picha za watoto weupe wa sili kwenye barafu ya Kanada, ambako mwigizaji wa Ufaransa Brigitte Bardot alikwenda mwaka 1977, ziliifanya Ulaya izuie ngozi zao mwaka 1983, na Kanada yenyewe ikapiga marufuku kuua watoto hao kibiashara mwaka 1987. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulifunga soko kwa karibu bidhaa zote za sili, isipokuwa zile za Wainuit, wenyeji wa kaskazini, ambao huwinda sili kwa chakula na mavazi. Msamaha huo haukuwasaidia sana, kwa kuwa soko lilipoanguka lilianguka na ngozi zao pia, na familia nyingi za wawindaji zilipoteza kipato ambacho hakikuwa na uhusiano wowote na marungu ya kibiashara.

Nchini Namibia wanaouawa ni watoto wenye miezi kadhaa ambao bado wananyonya, na kazi hufanywa asubuhi, kabla lango la Cape Cross halijafunguliwa kwa watalii wanaokuja kuwatazama sili walio hai. Sioni namna ya kulieleza jambo hilo likapendeza. Lakini naomba tusichanganye maswali. Ukatili haujibu kama samaki wataongezeka, na ongezeko la samaki, hata kama lingekuwapo, haliondoi ukatili.

Liko jingine linalonisumbua zaidi, nalo ni la mantiki. Anayevuna sili kwa ajili ya ngozi na mafuta anataka wabaki wengi, ili mwakani avune tena, kwa hiyo hupanga mgawo usiowapunguza. Anayeua sili kwa ajili ya samaki anataka wabaki wachache. Serikali inayotaja sababu zote mbili kwa mgawo ule ule imeahidi mambo mawili yanayopingana. Kama Namibia inavuna ngozi na kuajiri watu wake kwa miezi michache, iseme hivyo, na mjadala uwe juu ya ngozi, ajira na namna ya kuua.

Swali kutoka Lubumbashi

*Kwetu Thomson ndiye samaki wa mtu wa kawaida, na anatoka Namibia. Bei yake inapanda. Je, sili wakipunguzwa huko, sisi hatutanunua kwa bei nafuu?*

Sidhani. Thomson unayemnunua akiwa amegandishwa ni samaki wa jamii ya vibua ambaye Namibia humvua kwa meli kubwa za nyavu za katikati ya maji, kwa mgawo ambao kwa miaka mingi umezidi tani 300,000. Sili humla pia, hasa akiwa mdogo, lakini mgawo huo hupangwa na wizara kila mwaka, na thamani yake ni kubwa kiasi kwamba Novemba 2019 mawaziri wawili wa Namibia, wa uvuvi na wa sheria, walijiuzulu kisha wakashtakiwa kwa madai ya kupokea fedha ili kuugawa kwa upendeleo. Wamekana mashtaka.

Baada ya mgawo, bei yako hutengenezwa na mafuta ya meli, umeme wa vyumba vya baridi vya Walvis Bay, na lori linalokwenda Katima Mulilo, likavuka Zambia nzima na kupanga foleni Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, huku mashine yake ya barafu ikiendelea kunguruma. Ukitaka kujua kwa nini katoni imepanda mwezi huu, waulize kwanza madereva wa foleni hiyo wamelala mpakani siku ngapi, na faranga imesimama vipi mbele ya dola.